Kompyuta Imefika, Meza Je?

Kazi ya mwalimu wa Kenya imekuwa ikihama kidogo kidogo kutoka ubaoni kwenda kwenye kompyuta. Mwaka 2016 Tume ya Kuwaajiri Walimu ilianzisha utaratibu wa kutathmini utendaji wa walimu, ambao kumbukumbu zake hupelekwa kwa njia ya mtandao. Mwaka 2017 ukaja mfumo wa NEMIS wa kusajili wanafunzi. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa mwaka 2019, walimu wakaongezewa jukumu la kuingiza alama za wanafunzi katika mtandao wa Baraza la Mitihani. Katika mjadala mrefu uliofuata, tumesikia mengi kuhusu gharama, mafunzo na ukosefu wa umeme. Tumesikia machache mno kuhusu mkono unaoifanya kazi hiyo.

Anayezijua nyumba za Kibokoni, hapa Mji wa Kale, Mombasa, hahitaji kuelezwa jambo hili linavyokuwa. Ni nyumba za watu wengi na vyumba vichache, na meza ya kuandikia ni anasa. Mwalimu mwenye alama za darasa zima, au mwanafunzi wa chuo mwenye tasnifu, huipakata kompyuta kitandani, huiweka juu ya kigoda, au huketi nayo barazani. Shingo huinama, mabega hupanda, na kiganja hupinda kwenda juu ili vidole vizifikie herufi. Hukaa hivyo kwa saa tatu au nne, maana tarehe ya mwisho ni kesho. Baada ya wiki chache huanza kulalamika kwamba mkono una ganzi, kwamba hawezi kukamua kitambaa wala kufungua chupa. Huambiwa ajipake mafuta, au kwamba ni baridi, au kwamba amekuwa mvivu.

Maradhi haya si mageni duniani. Tabibu wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliyeandika juu ya magonjwa ya watu wa kazi mbalimbali, aliongeza katika chapa ya mwaka 1713 sura kuhusu makarani. Alitaja sababu tatu za mateso yao: kukaa kitako muda mrefu, kuusogeza mkono bila kukoma kwa namna ileile, na akili kukazwa kwa hofu ya kukosea. Mwaka 1908 Uingereza iliukubali ugonjwa wa mkono wa wapiga simu za maandishi kuwa miongoni mwa maradhi yanayostahili fidia. Kwa hiyo asemaye kwamba huu ni ugonjwa wa kizazi kilichodekezwa na kompyuta, amechelewa kwa karne tatu.

Kilichobadilika ni kupotea kwa mapumziko. Mpiga taipu wa zamani alilazimika kuusukuma mtambo kila mwisho wa mstari, kutoa karatasi, kutia nyingine na kufuta makosa kwa mkono. Shughuli hizo zilimchosha na kumchelewesha, lakini zilimbadilishia mwendo wa mkono. Kompyuta imeziondoa zote. Sasa vidole vinaweza kupiga maelfu ya herufi pasipo kigasha kuondoka mahali pake. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Pigo moja la kidole haliumizi mtu. Yanayoumiza ni mapigo elfu kumi yasiyo na nafasi ya kupumua.

Ili tuelewe kinachotokea, na tutazame kilimbili, yaani kile kiungo kati ya kiganja na kigasha. Ndani yake mna njia nyembamba inayopitisha kano 9 za kukunjia vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Mkono ukinyooka, kuna nafasi. Mkono ukipinda sana, juu au chini, nafasi hubanwa. Kano zikivimba, zinauma. Mshipa ukibanwa, kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kile cha pete hufa ganzi, hasa usiku. Ni haki kuongeza kwamba si kila ganzi huletwa na kompyuta. Ujauzito, kisukari na maradhi ya tezi ya shingo navyo huubana mshipa huo, na wataalamu hawajaafikiana ni kwa kiasi gani uchapaji peke yake huleta hali hiyo. Maumivu ya kano na misuli kwa anayechapa saa nyingi katika mkao mbaya ndiyo yasiyo na ubishi mkubwa.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi watumiaji wa Kiswahili. Mpangilio wa herufi katika kompyuta zetu ulirithiwa kutoka taipureta za Marekani za miaka ya 1870, na uliundwa kwa ajili ya Kiingereza. Herufi a imewekwa chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Katika Kiingereza herufi hiyo haifiki moja katika kila kumi. Katika Kiswahili hufikia takriban moja katika kila tano, kwa sababu silabi zetu huishia kwa irabu na viambishi vyetu vingi, kama wa-, ya-, ka-, -na- na -ta-, vinaibeba. Chukua sentensi hii: Walimu wa Mombasa wanataka kazi salama. Ina herufi 33, na 12 kati yake ni a. Nimeichagua, nakiri, lakini si ya ajabu. Neno wazazi, kwa anayechapa kwa vidole vyote kumi kama inavyofundishwa, hukitumikisha kidole hicho kimoja mara nne katika herufi sita. Kisha programu iliyowekwa kwa Kiingereza hulibadilisha neno, na mwandishi hulazimika kurudi kulisahihisha. Mkono unalipa mara mbili.

Tatizo jingine ni la jina. Mgonjwa akisema anaumwa na kiwiko, mmoja ataelewa kisugudi na mwingine ataelewa kilimbili, kwani neno hilo hutumiwa kwa maana zote mbili. Maumivu yasiyo na jina mahususi ni vigumu kuyaeleza kwa daktari, na ni vigumu zaidi kuyadai kwa mwajiri. Neno kilimbili limo katika kamusi zetu. Walimu wa Kiswahili wangelirejesha darasani, wangekuwa wamewatendea wema watu wengi.

Afanye nini basi mwenye maumivu? Kwanza, aiinue kazi ifikie mkono. Kompyuta iwe mahali ambapo visugudi vimekunjika kiasi cha pembe mraba, na kigasha, kilimbili na kiganja vimo katika mstari mmoja. Anayetumia kompyuta ya kupakata kwa muda mrefu aiinue juu ya vitabu na kuunganisha kibodi ya pembeni, nayo ilazwe, miguu yake ya nyuma isisimamishwe. Pili, apige herufi kwa wepesi. Haziandikwi kwa nguvu. Tatu, apumzike kabla ya kuumwa: dakika chache kila nusu saa, ainuke, anyooshe vidole, ashushe mabega. Nne, azime usahihishaji wa Kiingereza anapoandika Kiswahili. Tano, asihamishie uchovu kwenye simu, maana kidole gumba nacho kina kano. Ganzi ikimwamsha usiku, au vitu vikianza kumponyoka, aende hospitali. Kifaa cha kuunyoosha mkono wakati wa kulala huwafaa wengi hali ikiwa ingali changa. Mshipa uliobanwa kwa muda mrefu huweza kudhoofisha misuli ya kidole gumba isirudi tena.

Lakini ushauri huu hautoshi, na hatari yake ni kumtwisha mgonjwa lawama yote. Mtu hawezi kupumzika kila nusu saa ikiwa kazi ya muhula imebanwa katika siku tatu, na mtandao hauendi ila usiku. Hawezi kunyoosha kilimbili pasipo meza. Na tukumbuke kwamba mkono huohuo umeshinda ukiandika ubaoni na kusahihisha madaftari.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mahali pa kufanyia kazi, vifaa na majukumu vinalingana na mfanyakazi na uwezo wake. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, ya mwaka huohuo, inatambua pia maradhi yatokanayo na kazi. Shule ni mahali pa kazi kama kiwanda. Nionavyo mimi, KNUT na KUPPET, ambavyo hujadiliana na mwajiri kuhusu mishahara, vina wajibu wa kuitaja meza na kiti katika majadiliano hayo. Wizara nayo ingeweza kutawanya tarehe za kuwasilisha alama katika muhula mzima, na kuruhusu kazi hiyo ifanyike katika saa za kazi, shuleni, badala ya nyumbani usiku. Hatua ya namna hii haihitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwalimu anayeshindwa kushika chaki akiwa na umri wa miaka 45 ni hasara kwa jamaa yake, kwa shule yake na kwa taifa lililogharamia kumfundisha. Tuliharakisha kuileta kompyuta katika elimu, na tulifanya vyema. Sasa tumpe anayeitumia mahali pa kuuweka mkono wake.