Ukilipa faini, dai karatasi



Kwa desturi ukurasa huu unasema juu ya mawe yanayoanguka shimoni, vumbi la kifua, maji ya kunywa na chandarua. Leo ninaomba ruhusa tutoke shimoni, twende barabarani. Sababu yake ni kitabu changu cha dispanseri. Wanaoletwa kwangu kwa ajali ya pikipiki ni wengi mno. Na mara nyingi, nikimwuliza mtu vizuri huku ninasafisha kidonda, ananijibu kwamba polisi alikwisha kumsimamisha kwa kosa lile lile lililomwangusha. Alitoa kitu kidogo, akapita.

Nitawaeleza habari ya mmoja. Jina lake ninaliacha, na yeye mwenyewe amekubali niandike. Ni fundi wa mashine, baba wa watoto 4, mtu wa kazi kabisa. Breki ya nyuma ya pikipiki yake ilikuwa imekwisha. Hata chukudu ya Goma, ambayo ni gari la miti, ina kipande cha mpira nyuma cha kukanyaga. Pikipiki ya fundi wetu haikuwa na kitu. Alikuwa anaisimamisha kwa viatu vyake.

Mara ya kwanza polisi alimsimamisha, akaijaribu breki, akatikisa kichwa. Fundi akatoa franga 5,000, akapita. Mara ya pili, vilevile. Mara ya tatu walikuwa wamekwisha kujuana: polisi hakuigusa breki tena, alinyosha mkono tu. Jumla ni franga 15,000. Fundi mwenyewe aliniambia kwamba kutengeneza breki kusingefika bei hiyo.

Kisha mvua ikanyesha. Asubuhi moja anakuja zamu ya saa kumi na mbili, akiwa kwenye mteremko unaoshuka mpaka daraja la miti, akakutana na motari anayepanda na abiria wawili nyuma. Utelezi, breki hakuna, wakagongana. Mfupa wa mguu wa fundi ulitoka nje ya ngozi. Motari aliumia bega. Abiria mmoja, mama mwenye kikapu cha mihogo, aligonga kichwa juu ya jiwe, akalala muda bila kujua aliko. Watu wakajaa. Wazee wakasema: “Polisi wa nini? Mwelewane, ninyi ni ndugu.” Wakaelewana kweli. Fundi akatoa feza, motari akaenda zake, na hakuna mtu aliyeandika hata mstari mmoja.

Mimi siwalaumu wazee wale. Kupatana ni jambo zuri. Lakini mguu haukupatana na mtu. Ulioza, tukampeleka hospitali, akakaa miezi. Hapo ndipo tulipoanza kutafuta haki yake. Wengi wenu hamjui kwamba ajali ya njiani, kati ya nyumba na kazi, inahesabiwa kuwa ajali ya kazi. Ndivyo inavyosema sheria ya usalama wa jamii ambayo CNSS inaifuata, namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016. Basi karani wa wafanyakazi akamwuliza fundi: “Karatasi ya polisi iko wapi?” Hakuna. Mashahidi? Wametawanyika. Motari? Pikipiki yake haikuwa na plaki, nani atamjua? Faili ile imelala mpaka leo, na fundi anatembea kwa fimbo.

Ndugu zangu, tumezoea kuiogopa karatasi ya polisi kama nyoka. Tunafurahi tukipita bila kuandikwa. Mimi ninasema kinyume: feza inayotoka bila karatasi ndiyo inayotuua. Kinshasa wanaiita madesu ya bana, maharagwe ya watoto. Jina ni tamu. Lakini unaponunua maharagwe yale, unanunua ruhusa ya kuendelea na breki mbovu, na taa iliyokufa, na watu watatu juu ya pikipiki moja.

Sasa sheria inasemaje? Sheria yetu ya barabara ni namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Ni ya zamani, lakini ndiyo tunayotumia. Dereva anatakiwa awe na permi yake mkononi na aionyeshe akiulizwa. Ukiwa umekosa, ofisa wa polisi mwenye mamlaka ya kushughulika na makosa, yule wanayemwita OPJ, anaweza kukupendekezea faini ili mambo yaishe bila kwenda mahakamani. Angalia neno hili: anakupendekezea. Faini hiyo ni mali ya Hazina ya Serikali. Haiingii mfukoni mwa mtu, na haiwezi kupita kipimo cha juu kilichowekwa na sheria kwa kosa lile. Mapato ya namna hii yanasimamiwa na DGRAD. Kwa hiyo ni lazima pawe na karatasi inayoandika kosa na kiasi cha feza, na ushahidi kwamba umelipa. Na ukiona hukukosa, una haki ya kukataa. Faili inapelekwa kwa mwendesha mashtaka, na makosa madogo ya namna hii yanahukumiwa na mahakama ya amani.

Mtaniambia: “Muganga, hayo ni ya vitabuni. Sisi tunaishi Walikale.” Ni kweli, na sitaki kuwadanganya. Watafiti wa IPIS walihesabu barieri 798 katika Kivu zote mbili, ripoti yao ikatoka mwaka 2017. Penye kamba na bunduki hakuna faini wala mahakama. Toa wanachotaka, urudi kwa watoto wako. Usibishane na bunduki kwa ajili ya gazeti hili. Ninachoomba ni kwamba tusiyachanganye mambo haya mawili. Feza ya barieri ni kitu kimoja, na faini ya kosa ni kitu kingine. Tukiyaweka katika mfuko mmoja, tunaanza kuamini kwamba hata yule polisi anayetuonyesha breki mbovu anatuibia tu. Na mara nyingine anasema kweli!

Mimi mwenyewe nilikataa mara moja. Nilikuwa katika mji mmoja, nimetumwa kununua dawa. Polisi akasema nimegeuka bila kuonyesha ishara. Ishara nilionyesha, na taa yake ilikuwa bado inawakawaka mbele ya macho yake. Nikamwambia kwa heshima: “Afande, kama nimekosa, uniandikie, nitalipa penye kulipiwa.” Akakasirika, tukaenda ofisini. Nilikaa kwenye benchi zaidi ya saa mbili. Mkubwa wake alipofika alitazama permi, karatasi ya pikipiki na asiransi, akaitazama taa, akanirudishia vyote, akasema: “Nenda.” Sikutoa hata franga. Lakini duka la dawa nilikuta limefungwa, nikalala mjini, na mama watoto hakunisemesha siku mbili, maana aliamini nilikuwa na mambo mengine. Kudai haki kuna bei yake, siwafichi.

Na msimtukane polisi. Watafiti, kati yao Raúl Sánchez de la Sierra na Kristof Titeca, waliwachunguza polisi wa barabarani wa Kinshasa mwaka 2015. Waliona kwamba wakubwa huwapa askari hesabu ya madereva wa kuleta kituoni kila siku. Kwa hiyo yule aliyesimama juani na filimbi pengine naye anasukumwa nyuma. Ukimwita mwizi mbele ya watu, umejifungia mlango. Sema pole pole, soma jina lake kifuani, omba karatasi.

Wenzetu wa Tanzania wamejaribu njia nyingine. Huko dereva anaandikiwa faini pamoja na namba ya malipo, naye analipa benki au kwa simu. Askari hagusi feza. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 Serikali yao ilishusha faini ya pikipiki kutoka shilingi 30,000 mpaka 10,000. Walikuwa na akili: faini ikizidi uwezo wa mtu, atatafuta mkono wa askari. Sisemi kwamba rushwa imekwisha kule. Ninasema kwamba faini inayolipika ndiyo inayolipwa.

Juu ya kaske, hapo sina huruma na mtu. Polisi akikusimamisha kwa kukosa kaske, amekutendea wema kuliko ndugu yako anayekutazama unaondoka kichwa wazi. Uchunguzi mwingi uliokusanywa na Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kwamba kaske inapunguza hatari ya kufa kwa 42 kwa 100, na ya kuumia kichwa kwa 69 kwa 100. Yule mama wa mihogo hakuwa na kaske. Wala wewe hukumnunulia mke wako, ninajua, maana ninawaona siku ya soko la Mubi: baba na kaske, mama na kitambaa.

(Wakubwa kwa umri watakumbuka siku ambazo ndege za kubeba kasiteriti zilikuwa zinatua juu ya barabara yenyewe pale Kilambo. Pikipiki zote zilisimama kando, hakuna polisi, hakuna filimbi. Kumbe tukiona hatari kwa macho tunajua kusimama.)

Sasa nina neno kwa wakubwa wa kampuni, nao wanisamehe. Fundi wetu alipokuwa anatoa zile franga 5,000, alikuwa anatazama saa. Anayechelewa zamu anakatwa siku. Siku ya kazi ina thamani kuliko maharagwe, kwa hiyo alitoa. Hata mimi ningetoa. Mfanyakazi akileta karatasi ya polisi, iwe ya faini aliyolipa au ya faini aliyokataa, yenye saa na tarehe, ninaomba asikatwe kwa saa zile. Karatasi ya muganga inakubaliwa. Kwa nini hii isikubaliwe? Mtasema kwamba wavivu watajifanya wamesimamishwa. Wachache watajaribu. Lakini mfupa mmoja uliotoka nje ya ngozi unaipotezea kampuni siku nyingi kuliko uongo wa wavivu wote wa zamu moja.

Pia ninaomba fundi wa karakana apewe nusu siku kila mwezi kutazama breki na taa za pikipiki za wafanyakazi. Kila mmoja alete vifaa vyake, karakana itoe mikono tu.

Kwenu nyumbani, mama ndiye mlinzi wa karatasi. Mwezi wa Machi 2025, M23 walipoingia Walikale, nani alikumbuka permi? Mtu anakimbia na mtoto mgongoni. Basi kopi ziwe mahali pawili. Na ajali ikitokea, hata mkipatana, andikeni: saa, mahali, majina ya watu wawili walioona, plaki kama ipo. Kisha mpeleke habari polisi, na kwa karani siku ile ile.

Kila siku ya Alhamisi baada ya saa nane ninakaa dispanseri bila wagonjwa wengi. Asiyejua kusoma karatasi aliyopewa aje nayo, tutaisoma pamoja. Nina daftari la kunakili namba za permi, za asiransi na za plaki. Mpaka sasa walioandikwa ni 11, na pikipiki nilizozihesabu jana mbele ya lango ni zaidi ya 60.