Kiazi Kizuri Kisiishie Sokoni



Anayepita katika vijiji vya Nyanda za Juu Kusini wakati wa mavuno huona magunia ya viazi mviringo yamepangwa kando ya barabara yakingoja lori. Viazi vilivyomo ni vikubwa, safi, havina doa. Lakini ingia jikoni kwa mwenye magunia hayo. Utakuta karai la viazi vilivyobaki: vidogo, vilivyokatwa na jembe, vingine vimegeuka kijani kwa kupigwa na jua, vingine vimeota. Mnunuzi amevikataa, basi ndivyo watakavyopikiwa watoto jioni.

Sisi tunaoandika ukurasa huu tunaona kwamba desturi hii haifai. Hatusemi familia zisiuze viazi. Ada za shule, bati na dawa vinatoka humo. Tunachosema ni kwamba kila nyumba inayoweza iwe na kipande kidogo cha viazi vya kula, na kipande hicho kisiguswe na mnunuzi.

KIAZI CHA KIJANI SI CHAKULA

Kiazi kidogo hakina ubaya wowote. Kilichokatwa na jembe nacho kinafaa kikipikwa mapema kabla hakijaoza. Hatari iko kwenye kiazi kilichogeuka kijani au kilichoota sana. Rangi ya kijani yenyewe si sumu, ila ni alama kwamba kiazi kimekaa kwenye mwanga, na mwanga huohuo huongeza ndani yake sumu iitwayo solanini. Sumu hiyo hukusanyika zaidi kwenye ganda, chini yake kidogo, na kwenye machipukizi. Anayeila kwa wingi huumwa tumbo, hutapika, huhara na kuumwa kichwa. Mtoto hudhurika upesi kwa sababu mwili wake ni mdogo.

Akina mama wengi hudhani kuchemsha kunaondoa sumu hiyo. Hakuiondoi. Kiazi chenye kijani kidogo kimenywe ganda nene na sehemu ile ikatwe yote. Kilicho kijani sana, au kinachoonja uchungu, kitupwe. Mifugo nayo isipewe. Tena watoto waelezwe kwamba majani ya kiazi mviringo na vitunda vyake vya kijani haviliwi. Matembele tunayopika ni majani ya kiazi kitamu, na huo ni mmea wa ukoo mwingine kabisa.

Kiazi kizuri ni chakula cha kutia nguvu, kina vitamini C na potasiamu. Kikichemshwa na ganda lake hupoteza vitamini kidogo kuliko kikimenywa kwanza. Lakini hakitoshi peke yake. Kiambatane na maharage na mboga za majani. Chipsi za kila siku hunywa mafuta mengi, na mwenye kisukari apime kiasi anachokula.

KIPANDE CHA MITA 3 KWA 5

Chukueni eneo la mita 3 kwa 5 karibu na nyumba. Lisiwe mahali palipokuwa na nyanya, bilinganya, pilipili au viazi katika misimu ya karibuni, maana mimea hiyo ni ya ukoo mmoja na huachiana magonjwa. Palipokuwa na mahindi au maharage ni pazuri. Limeni kwa kina, changanyeni samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi haifai.

Mbegu ndiyo shina la mambo. Wengi wetu huuza viazi bora na kubakiza vile hafifu kwa kupanda. Mavuno hupungua mwaka hadi mwaka, nasi hulaumu ardhi, kumbe tumepanda magonjwa kwa mikono yetu. Chagueni mbegu yenye ukubwa wa yai la kuku kutoka kwenye mashina yenye afya, yaliyowekewa alama yakiwa bado mabichi shambani. Zitandazeni mahali penye hewa na mwanga hafifu mpaka zitoe machipukizi mafupi, manene. Hapo kijani hakidhuru, kwa kuwa hiyo ni mbegu, si chakula.

Mvua zinapotulia, mwezi Novemba au Desemba, pandeni kwa kina cha sentimita 10 hivi, mstari hadi mstari sentimita 75, shina hadi shina sentimita 30. Eneo hilo litachukua mistari 4 ya mashina 16, yaani mbegu 64, ambazo ni kama kilo 3 hadi 4. Wenye vinyungu wanaweza kupanda hata kiangazi kwa kumwagilia. Asiye na eneo atumie gunia lililotobolewa chini, akiongeza udongo kadiri mmea unavyopanda.

Mimea ikifikia kimo cha shubiri moja, palilieni na kupandishia udongo kwenye mashina. Rudieni baada ya wiki 2 au 3. Kazi hii isidharauliwe, maana kiazi kinachochungulia juu ya tuta ndicho kinachogeuka kijani. Shina likinyauka ghafla na majani yake bado ya kijani, ling'oeni pamoja na viazi vyake, mlipeleke mbali na shamba.

DAWA NA PUMZI ZETU

Mvua na baridi huleta ukungu unaobabua majani kwa siku chache. Hapo wengi hukimbilia bomba la kupulizia, na tunaona mambo ya kusikitisha: kijana anapuliza bila kufunika pua, mama mwenye mtoto mgongoni anachanganya dawa, bomba linaoshwa mtoni, kopo tupu linawekewa mafuta ya kula. Ikibidi kutumia dawa, somesheni maandishi ya kopo kwa anayejua. Fuateni kipimo, na hasa siku za kungoja kabla ya kuvuna. Mpulizaji avae mikono mirefu na viatu, akimaliza aoge kwa sabuni. Mjamzito na mtoto wakae mbali. Kopo tupu litobolewe, lisitumike tena nyumbani.

KUVUNA NA KUTUNZA

Viazi vingi hukomaa kati ya miezi 3 na 4. Majani yakianza kuwa manjano, kateni mashina, mngoje kama wiki 2 ili ganda likaze. Vuneni siku kavu, wala msiviache juani. Hata kila shina likitoa nusu kilo tu, mtapata kilo 32. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba ya viazi huoza. Viwekwe mahali pa giza, pakavu, penye ubaridi na hewa, wala si ndani ya mfuko wa nailoni.

TUSISAHAU YA IRELAND

Mwaka 1845 ukungu huuhuu uliingia Ireland, ambako maskini, wengi wao Wakatoliki wenzetu, walitegemea kiazi karibu peke yake. Katika miaka michache watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na vyakula vingine viliendelea kupakiwa melini kwenda kuuzwa Uingereza. Mazingira yetu si yale, lakini fundisho linatuhusu: chakula kingi kupita mlangoni pako si sawa na chakula kuwa mezani pako.

Mtu atasema, "Kilo 32 ni fedha, mnataka tuzile?" Ndiyo, tunataka mzile. Mtoto anayekula vizuri ni sehemu ya faida ya shamba, ingawa haandikwi kwenye daftari la mauzo. Na uamuzi huu usiwe wa mama peke yake, maana mara nyingi baba ndiye anayezungumza na mnunuzi.

Tunapendekeza kila Jumuiya Ndogo Ndogo ilizungumzie jambo hili, na wenye mbegu nzuri wawagawie jirani zao. Tarehe 15 Mei ni sikukuu ya Mtakatifu Isidori Mkulima. Itakapofika, pamoja na kuleta sadaka ya mazao yetu bora altareni, tuwe tumewawekea watoto wetu mazao yaliyo bora vilevile.