Tukifuata Msimu wa Kahawa na Watoto

Masika yakishapita, zipo familia hapa kwetu Arusha zinazofunga virago. Kuanzia Julai hivi kahawa huiva kwenye miteremko ya Mlima Meru, na mashamba makubwa huita vibarua. Baba, mama na watoto huhamia kambini mpaka uchumaji uishe, pengine Desemba.

Kazi hii ni halali, wala hatuidharau. Lakini kabla ya kuhama tuulize: debe moja hulipwa shilingi ngapi, na fedha hutolewa lini? Tunda jekundu tu ndilo huchumwa, na mti uleule hurudiwa mara kadhaa. Kwa hiyo siku nyingine madebe huwa machache. Tusipange matumizi kwa kutazama siku ya neema. Tena tuulize maji yako wapi, na nani atabaki na mtoto mchanga.

Jambo kubwa ni shule. Mtihani wa darasa la saba kwa kawaida hufanyika Septemba, katikati ya uchumaji. Mtoto wa darasa hilo tusimng'oe. Abaki kwa bibi au shangazi. Wadogo wake tuwaombee uhamisho mapema kwa mwalimu mkuu. Wala tusiwakabidhi debe: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14.

Kahawa itaiva tena mwakani. Mtihani uliompita mtoto haumngoji.