Kabla ya kununua zahanati, soma rejista

Siku hizi si ajabu kusikia familia inataka kununua zahanati. Baba amestaafu na kupata kiinua mgongo, au watoto walioko mjini wamechanga fedha, nao husema: "Wagonjwa wapo tayari, sisi ni kuendelea tu." Wazo hilo si baya. Lakini nikiwa muuguzi wa miaka mingi, naona wanunuzi wengi huangalia paa, vitanda na droo ya fedha, wakasahau kuangalia kitu chenyewe wanachokinunua, yaani tiba.

Tukumbuke kwamba hapa Tanzania sheria ya mwaka 1977 ilizuia watu binafsi kutoa matibabu kwa ajili ya faida, ingawa mashirika ya dini yaliendelea na huduma zake. Mlango ulifunguliwa tena kwa marekebisho ya mwaka 1991. Baadhi ya waliofungua zahanati wakati ule sasa wamezeeka au wametutoka, na warithi wao wanauza. Hivyo jambo hili litazidi kutufikia majumbani.

Maoni yangu ni haya: usikubali bei yoyote kabla ya kujua fedha za zahanati hiyo zinatokana na nini. Jibu halimo katika daftari la mapato. Limo katika rejista ya wagonjwa wa nje, ile tunayoiita Kitabu cha 5 cha MTUHA. Humo huandikwa ugonjwa uliogunduliwa na dawa iliyotolewa. Mwombe tabibu au muuguzi unayemwamini akuhesabie, kwa ruhusa ya mwenye zahanati na hapo hapo zahanati. Achukue hesabu tu, asitoe majina, kwa maana siri ya mgonjwa haiuzwi pamoja na jengo.

Ahesabu nini? Wagonjwa wa kila mwezi kwa miaka 2 au 3, maana wakati wa mvua homa huongezeka, na mwezi mmoja mzuri unaweza kukudanganya. Ahesabu wangapi walipimwa malaria kabla ya kupewa dawa. Ahesabu wangapi walichomwa sindano, na wangapi walipewa antibiotiki kwa mafua na kikohozi cha kawaida.

Tuchukue mfano. Tuseme kwa mwezi wameandikwa wagonjwa 600, na 400 kati yao wamechomwa sindano, kila sindano ikiacha faida ya shilingi 2,000. Hiyo ni shilingi 800,000. Sasa tuseme waliostahili sindano ni 50 tu, kwa sababu malaria isiyo kali hutibiwa kwa vidonge vya dawa mseto. Faida ya haki ni shilingi 100,000. Zile 700,000 nyingine ni mapato ya tiba mbaya. Ukinunua zahanati kwa bei iliyopigiwa hesabu ya 800,000, umejifunga kuendelea kuchoma watu sindano ili urudishe fedha zako.

Wanaoumia ni akina nani? Ni watoto wetu. Sindano isiyo ya lazima huweza kuleta jipu, na ikigusa mshipa wa fahamu takoni, mtoto aweza kuchechemea maisha yake yote. Antibiotiki zikitumiwa ovyo, vijidudu huzizoea, na siku mtoto ana nimonia ya kweli dawa haifanyi kazi.

Wapo watakaosema: "Nikiacha sindano, wagonjwa watahamia kwa jirani." Ni kweli, baadhi watahama. Ndiyo sababu nasema hasara hiyo ihesabiwe sasa, katika bei, isije ikahesabiwa baadaye katika miili ya wagonjwa. Muuzaji akikataa kushusha bei, au akikataa rejista isisomwe, mwache na zahanati yake.

Baada ya hapo yapo mengine ya kukagua. Kwanza, usidhani usajili unahama pamoja na funguo. Nenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya ukaulize utaratibu wa kubadilisha mmiliki kabla hujalipa hata shilingi moja. Pili, angalia leseni za tabibu na wauguzi, uwaulize kama watabaki. Mara nyingi wagonjwa humfuata tabibu, hawafuati ukuta. Tatu, tafuta madeni: mishahara, michango ya uzeeni, kodi, wauza dawa, pamoja na madai ya bima ya afya ambayo hayajalipwa. Mkataba useme wazi nani atalipa na nani atalipwa. Nne, soma tarehe za mwisho za dawa moja moja, tazama kama jokofu la chanjo linakaa kati ya nyuzi 2 na 8, na uzunguke nyuma ya jengo uone sindano zilizotumika zinatupwa wapi.

Kazi hiyo yote haimalizi wiki mbili, na gharama yake ni ndogo kuliko kiinua mgongo cha mtu aliyefanya kazi maisha yake yote. Mama na watoto, nanyi mnaohusika na fedha hizo za familia, msiogope kuuliza kabla baba hajatia sahihi: "Je, zahanati hii ingeishi kama ingetibu kwa haki?" Kama jibu ni ndiyo, nunueni kwa moyo mkunjufu, kwa maana kijiji kinaihitaji.