Mlango wa Uani Hauna Kufuli

Baba alipofariki, simu yake ilibaki imefungwa kwa patani ambayo hakuna aliyeijua. Mama aliichaji kila usiku, ati huenda mmoja wetu akaikumbuka. Alitaka kitu kimoja tu humo ndani: sauti ya Baba, alivyokuwa akijirekodi akisoma kasida.

Nikaipeleka kwa fundi hapa Kona ya Musa. Kibanda cha mabati, laptopu kuukuu, waya uliofungwa seloteipu.

"Data waitaka ama nifute tu, kaka?"

"Naitaka."

"Basi ngoja kidogo."

Akaizima, akabana vitufe vya sauti, akachomeka waya. Kioo kikabaki cheusi, mistari ikapita kwenye laptopu. Sijamaliza soda yangu, simu ikawaka. Patani imetoweka, na kila kitu kiko mahali pake. Nikalipa, nikamshukuru, nikapanda tuktuk.

Usiku ule tulikaa barazani tukamsikiliza Baba. Mama alilia. Kisha akafungua meseji, akakuta deni ambalo Baba alimficha miaka yote. Ndipo baridi iliponiingia. Yule fundi hakuniuliza simu ni ya nani.

Nyumba zetu za Kiswahili zina mlango wa mbele na mlango wa uani. Simu nazo ni hivyo hivyo. Patani, PIN na alama ya kidole ni mlango wa mbele. Uani kuna njia ya dharura, iliyowekwa ili simu iliyogoma kuwaka isiwe kifaa cha kutupwa. Njia hiyo ina ngazi mbili. Ya kwanza ni ile menyu ya kufuta kila kitu. Hiyo si mbaya sana: tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iliyofutwa hivyo inatakiwa kudai akaunti ya Google ya mwenyewe kabla haijatumika tena. Ya pili iko chini zaidi, ndani ya chipu, ambako fundi huzungumza na simu kabla haijajua hata patani ni nini.

Ubaya wa ngazi hii ni kwamba sehemu yake huchomwa kwenye chipu kiwandani. Kosa likigunduliwa, hakuna apdeti ya kulirekebisha. Hata wenye iPhone wasitucheke. Mwaka 2019 ilitangazwa njia iitwayo checkm8, iliyogusa simu zao kuanzia 4S hadi X, na Apple haikuweza kuiziba kwenye simu zilizokwisha kuuzwa.

Sasa, mtu akiingia kwa uani, kinachokuokoa ni kimoja: data iwe imesimbwa, yaani imegeuzwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo wako. Na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Hadi Android 10 ilipotoka mwaka 2019, simu zenye chipu dhaifu ziliruhusiwa kuuzwa bila kusimba chochote. Chipu dhaifu maana yake simu ya bei nafuu. Simu ya bei nafuu maana yake ya Baba, ya dereva wa boda, ya dada anayeuza viazi karai. Mwenye pesa alipewa siri. Sisi tukapewa patani ya kuchezea vidole.

Usiniambie haiwezekani kufunga vizuri. Tazama simu za mkopo. Ukichelewesha malipo inajifunga, na kufuli lile limeundwa libaki hata ukiifuta simu mara kumi. Kumbe ujuzi upo! Kufuli la mdai limetengenezwa la chuma. La picha zako na meseji za mamako likaachwa la kamba.

Najua jibu la wengi: mafundi ni wezi, wafukuzwe. La hasha. Fundi wangu alinirudishia sauti ya marehemu, na bila yeye nusu ya simu za Ukunda zingekuwa takataka. Mimi sitaki mlango wa uani ujengewe ukuta. Nataka uwe na kufuli, na ufunguo akae nao mwenye nyumba. Kampuni iandike kwenye boksi itatoa apdeti za usalama hadi mwaka gani, na duka lisiuze simu mpya ambayo muda huo umeshapita. Na fundi aulize. Risiti, boksi, kitambulisho, jina kwenye daftari. Si polisi, ni adabu ya kazi.

Nasi tuache uzembe. Piga *#06#, andika namba ya IMEI mahali nje ya simu. Weka PIN kwenye laini, maana mwizi hahitaji kuifungua simu yako: anaitoa laini, anaitia kwenye simu nyingine, meseji za kuthibitisha akaunti zinamfikia yeye. Na ukinunua simu ya mkononi mwa mtu, mwenyewe aondoe akaunti yake mbele ya macho yako. Akisitasita, rudisha pesa mfukoni.

Juzi nilirudi kwa yule fundi na chaja mbovu. Nikamuuliza, "Siku ile, ulijuaje simu si ya wizi?"

Akacheka. "Si uliniambia waitaka data? Mwizi hutaka simu tu."

Nami nikacheka, lakini sikukubali. Mwenye nia mbaya na wewe, data ndiyo anayoitaka.