Nafuu ya Kodi ya Mirathi Imfuate Anayelima

Maelfu ya wakulima waliojaa katika mtaa wa Whitehall, London, tarehe 19 Novemba, 2024, walikuwa na hasira ya namna moja, lakini hawakuwa watu wa hali moja. Walikuwamo wanaolima mashamba yao wenyewe, na walikuwamo wanaolima mashamba ya wengine kwa kulipa pango. Kwa muda wote wa mabishano yaliyofuata, hawa wa pili walitajwa kwa nadra, ingawa karibu theluthi moja ya ardhi ya kilimo ya England hulimwa na wapangaji.

Hasira yenyewe ilitokana na bajeti iliyosomwa tarehe 30 Oktoba mwaka ule na Bibi Rachel Reeves, Waziri wa Fedha katika Serikali ya Chama cha Labour. Tangu mwaka 1992 mashamba mengi ya Uingereza yalikuwa yakirithiwa bila kulipiwa kodi ya mirathi hata peni moja, ilhali mali nyingine hutozwa asilimia 40 ya thamani inayozidi pauni 325,000. Bajeti ile ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 6 Aprili, 2026, msamaha kamili ungeishia kwenye pauni milioni 1, na thamani inayozidi hapo ipewe nafuu ya nusu tu, yaani itozwe asilimia 20. Baada ya zogo la zaidi ya mwaka mzima, mwezi Desemba 2025 Serikali ilirudi nyuma na kutangaza kukipandisha kiwango hicho hadi pauni milioni 2.5.

Mabishano yalihusu kiasi. Yangepaswa kwanza kuhusu nani anapewa nafuu hiyo, na kwa kazi gani.

Kodi ya uhamisho wa mali ilipoanzishwa nchini humo mwaka 1975, nafuu ya mashamba ilitengwa kwa ajili ya mkulima wa kazi, yule ambaye shamba ndilo ajira yake. Mwaka 1981 mlango ulifunguliwa kwa mwenye shamba aliyelipangisha: akapewa nafuu ya asilimia 20. Haikuchukua muda ikawa asilimia 30, na mwaka 1992 ikafika nusu. Mwaka 1995 ilitolewa nafuu kamili kwa shamba lolote lililopangishwa kwa mkataba ulioanza tarehe 1 Septemba ya mwaka huo au baadaye. Mwenye shamba anatakiwa tu awe amelimiliki kwa miaka saba na liwe limetumiwa kwa kilimo muda wote huo, hata kama yeye mwenyewe hajapata kulikanyaga. Nafuu iliyoanza kwa ajili ya jembe ikaishia kwenye hati.

Hapana budi kukiri kwamba waliotunga kifungu cha 1995 walikuwa na sababu. Mashamba ya kupanga yalikuwa yamepungua sana. Sheria za zamani zilimlinda mpangaji maisha yake yote, na baadhi ya mikataba iliweza kurithiwa na jamaa zake mara mbili. Wenye mashamba wakaogopa kupangisha. Kwa hiyo mwaka huo huo ilipitishwa sheria ya upangaji iliyoziacha pande mbili zikubaliane muda wowote zinaotaka, na nafuu ya kodi ikaongezwa juu yake kama kishawishi. Mashamba ya kupanga yalipatikana, lakini mikataba mingi ikawa ya miaka michache tu.

Hapo ndipo penye dosari kubwa. Aliyeiacha familia moja ikae shambani mwake tangu miaka ya sitini, kwa kawaida hupata nafuu ya nusu tu, kwa kuwa mkataba wake ni wa kabla ya 1995. Aliyemwondoa mpangaji wa zamani na kumweka mwingine kwa miaka mitatu hupata nafuu kamili. Sheria humlipa zaidi mtu kwa kuwa na mpangaji asiye na uhakika wa kesho.

Mpangaji wa miaka mitatu hawezi kulima kama mtu anayeujua mwaka wa kumi. Chokaa ya kurekebisha udongo, mitaro ya kutoa maji, ng'ombe wa maziwa wa kizazi kizuri, haya yote hudai muda kabla ya kurudisha gharama. Wakazi wa Bukoba waliouona mfumo wa nyarubanja, kabla ya sheria ya mwaka 1965 kuanza kuwawezesha wapangaji kuikomboa ardhi waliyoilima, hawahitaji kuelezwa jinsi mtu anavyoitazama migomba iliyo juu ya ardhi ya mwingine.

Kiswahili kina neno moja, kodi, kwa fedha inayodaiwa na Serikali na kwa ile inayodaiwa na mwenye shamba. Na katika jambo hili ya kwanza yaweza kugeuka kuwa ya pili. Chukua shamba lililopangishwa lenye thamani ya pauni milioni 4.5. Misamaha mingine ikiwekwa kando, chini ya kiwango kipya pauni milioni 2 zinatozwa asilimia 20: pauni 400,000, ambazo zaweza kulipwa kwa miaka kumi bila riba, 40,000 kila mwaka. Lakini pango la mwaka huko mara nyingi halifiki asilimia 2 ya thamani ya ardhi, yaani pauni 90,000 kwa shamba hili. Mrithi asiye na fedha nyingine atapandisha pango, au atangoja mkataba uishe auze. Katika njia zote mbili mzigo humwangukia mtu ambaye hakurithi kitu.

Dawa imekwisha kuandikwa. Oktoba 2022 kamati iliyoongozwa na Bibi Kate Rock, iliyoundwa na Serikali yenyewe kuchunguza upangaji wa mashamba, ilipendekeza nafuu kamili itolewe tu kwa anayepangisha kwa miaka minane au zaidi. Chama cha Wakulima Wapangaji cha huko kimekuwa kikidai miaka kumi. Mwezi Machi 2024 Serikali ya Conservative ililikataa pendekezo la Rock, na Labour haikulifufua katika bajeti yake ya Oktoba.

Wako wanaosema kwamba sharti hilo litawafanya wenye mashamba wafunge milango, waajiri makandarasi wa kuwalimia. Baadhi watafanya hivyo. Lakini mwenye shamba anayelimiwa na kandarasi huibeba mwenyewe hasara ya mvua mbaya na ya bei mbaya, na wengi hupangisha kwa sababu hawautaki mzigo huo. Isitoshe, anayetishia kuunyima upangaji wa miaka minane anatishia kuondoa kitu ambacho wapangaji wengi hawanacho hata sasa.

Marekebisho yanayotakiwa ni mawili, na yote yanaingia katika sheria ya kodi ya mirathi ya mwaka 1984: nafuu kamili ifungwe na mkataba usiopungua miaka minane, na ubaguzi dhidi ya mikataba ya kabla ya Septemba 1995 ufutwe, ili aliyemvumilia mpangaji kwa miaka arobaini asihesabiwe nusu ya yule aliyemkaribisha juzi.