Kabati la mtoto halihitaji deni, kitambaa chatosha



Kila Idi inapokaribia, au shule zinapotaka kufunguliwa, mazungumzo ya akina mama hurudi palepale: chumba cha watoto. Fulani kamnunulia binti yake kabati jeupe la kung'aa. Fulani kapokea zamu yake ya upatu na yote kaiacha dukani. Na yule mwenye kabati la mbao tupu, lililotengenezwa na seremala wa mtaani, anaanza kuona haya mgeni akiingia chumbani. Iwe Buyenzi hapa Bujumbura au Nyamirambo kule Kigali, maneno ni hayo hayo.

Mimi naona tunaingia deni kwa jambo lisilohitaji deni. Kabati la mbao za mkaratusi ni zito, halipendezi sana machoni, lakini linadumu. Mengi ya yale meupe ya dukani ni unga wa mbao ulioshindiliwa na kubandikwa karatasi juu. Likilowa linavimba, na ukihama nyumba mara mbili skrubu hazishiki tena. Sisi wapangaji tunajua tunavyohamahama. Basi kabati imara lililokosa urembo tu tulipe urembo, tusilitupe.

Na urembo umo ndani ya nyumba zetu. Nani hana kanga iliyobaki moja baada ya mwenzake kuchakaa, au vipande vya kitenge vilivyorudi kutoka kwa fundi cherehani? Kanga moja ina urefu wa karibu mita moja na nusu na upana wa zaidi ya mita moja, nayo yatosha nyuso za droo tatu au nne.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Kitambaa kipya kifuliwe kwanza kitoke wanga na kisinyae, kisha kipigwe pasi. Toa vishikio vya droo, piga msasa, futa vumbi. Changanya gundi nyeupe ya kawaida na maji kidogo, paka kwenye ubao, laza kitambaa ukikisukuma kutoka katikati kwenda pembeni ili mapovu yatoke. Kiache kilale usiku kucha, kisha paka gundi nyembamba juu yake. Kikikauka, kata kinachozidi kwa wembe sawasawa na ukingo. Usikikunje kuingia ubavuni, kwa sababu droo itakwama.

Lakini faida kubwa si urembo. Katika nyumba nyingi watoto watatu au wanne wanatumia kabati moja, na kila asubuhi ni ugomvi: nani kavaa soksi za nani, nani kachukua kanzu ya nani. Mpe kila mtoto droo yake na kitambaa chake alichokichagua mwenyewe. Hata yule mdogo asiyejua kusoma atajua kwamba ya maua mekundu ni yake na ya mistari ni ya kaka yake. Hapo unaweza kumfundisha kwamba cha mwenzio hakiguswi bila ruhusa, maana mpaka anauona kwa macho. Na awe mvulana au msichana, apake gundi kwa mkono wake. Mtoto haharibu upesi alichokitengeneza mwenyewe.

Katika kuchagua kitambaa tuwe waangalifu. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Bibi Aisha (R.A.) aliweka pazia lenye picha, Mtume (S.A.W.) akachukizwa nalo, naye akalikata akatengeneza mto au mito miwili. Wengi tunaikumbuka hadithi hii kwa suala la picha, na ni kweli, maua na mistari inatosha bila katuni za wanyama. Lakini tuangalie pia kwamba kitambaa kile hakikutupwa, kilipewa kazi nyingine. Vilevile, kanga yenye jina la Mwenyezi Mungu isibandikwe mahali miguu inapogusa. Na zile zenye mafumbo, kata maandishi. Si vyema mtoto aamke kila siku akisoma maneno yaliyokusudiwa jirani.

Akina baba nao wana sehemu yao. Mtoto mdogo hufungua droo na kuzipanda kama ngazi, na kabati likamwangukia. Siku hiyo ya kazi, likiwa tupu, lifungeni ukutani kwa vyuma viwili vya pembe na skrubu. Hili lisiahirishwe.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya kimasikini, na kwamba kitambaa kitachakaa. Kitachakaa kweli. Baada ya miaka miwili au mitatu kiloweshe kwa maji ya uvuguvugu, kibandue, na mtoto aliyekwisha kukua achague kingine. Deni la kabati halibanduki kwa maji. Na mgeni wa chumbani hakai zaidi ya dakika tano, ilhali mtoto atalitumia kabati hilo kila siku.

Basi kabla ya kwenda dukani Idi hii, fungueni kwanza sanduku la vitambaa, na waiteni watoto wachague.

Wabillahi tawfiq.